Orodha Niliyoitia Motoni

Mdogo wangu Saidi,

Nakuandikia Uvira bila kujua kama bado uko huko, wala nani ataifungua barua hii kabla yako. Kama unayesoma si Saidi, ona haya, uifunge.

Unakikumbuka chombo chako cha kwenda mwezini? Vya waandishi wenzako huruka kwa moto na ngurumo. Chako, kwa kuwa ulikuwa fundi wa magari hapa Buyenzi, betri yake ilikuwa mbovu, kikawashwa kwa kusukumwa. Abiria wote walishuka wakasukuma. Ulinisomea sura hiyo nikichambua mchele, nikacheka mpaka nikapindua sinia. "Dada, usicheke," ukasema, "mbele kuna mambo."

Uliandika kwenye madaftari ya shule, kila sura na daftari lake, nakala ni hiyo moja tu. Yakatembea mjini kuliko sisi wenyewe: Mutanga Sud kwa wanafunzi, Kinanira, Kinindo, hata mitaa ambayo majirani zetu hawakuthubutu tena kuikanyaga tangu mauaji yaanze. Mimi sikujua hayo. Nilichoona ni watu nisiowafahamu wakija mlangoni, wakikunong'oneza, wakitoka na kitu ndani ya koti. Nikaanza kukutazama kwa jicho la pembeni.

Halafu, nikifua suruali yako ya kazi, nikakuta karatasi mfukoni. Majina ya watu, mbele ya kila jina mtaa anaokaa, na mengine yamewekewa alama. Jina la pili, lenye alama, lilikuwa la mwalimu tuliyesikia ameuawa wiki ileile. Unajua orodha ya majina ilikuwa na maana gani mjini humu siku zile: watu wa kuuawa. Niliitia kwenye mbabula ya kupikia, makaa yakaila.

Uliporudi nikakuuliza, "Saidi, we unafanyia nani kazi?"

"Kazi gani, Dada?"

"Ile liste. Mwalimu umemutia alama, na amekufa."

"Ni watu wanasoma makaye yangu ya hadithi! Mwenye kurudisha ndiye namutia alama. Liste iko wapi?"

Nikakuonyesha jivu. Sikuamini hata neno lako moja. "Mi siwezi kukaa nyumba moja na mutu wa maliste," nikasema. Ukaketi kizingitini ukijaribu kukumbuka nani ana sura gani. Madaftari tisa yalikuwa nje, na watu walikuwa wakitumana kuja kuyachukua, hivyo hukukumbuka hata nusu. Kesho yake asubuhi ukavuka mpaka kwenda Uvira.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja alipiga hodi. Sikufungua.

"We nani? Nani amekutuma?"

"Natoka Kinindo. Naleta kaye ya Saidi. Munisamehe, imekawia."

Nilimwambia aipitishe chini ya mlango. Alipoondoka nikaipekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta kilichofichwa ndani. Hakikuwemo kitu ila hadithi yako. Chombo kimekwama mwezini, abiria wanashukiana, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyekata waya. Yupo mwanamke mkali anayewapekua wote mifuko, na jina lake ni Dada. Wenzake wanashuka kusukuma, yeye anagoma, anaogopa wataondoka wamwache. Sura inaishia hapo: wote wako chini, mikono kwenye bati la chombo, wanamngoja yeye.

Nililia, Saidi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sawa, lakini wewe nilikulea mwenyewe, ningekuuliza kabla ya kuitia orodha motoni.

Sasa natafuta yale manane yaliyobaki. Nazunguka mtaa kwa mtaa, naandika jina la kila anayesemekana analo, na mtaa wake, na aliyerudisha namtia alama. Mpaka leo nimepata mawili. Juzi Kinanira mzee mmoja aliona karatasi mkononi mwangu, akarudi nyuma hatua nzima.

"Mama, ni liste ya nini hiyo?"

Nikamweleza habari za chombo, za mwezi, za mdogo wangu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kukaza uso. Akafunga mlango. Nikabaki kizingitini kwake na karatasi yangu, nikajua siku ile ulijisikiaje.

Barua hii utaishuku, nakujua. Utadhani kuna mtu amenishikisha kalamu. Ishuku utakavyo, ila uje. Nimeshashuka, mdogo wangu. Mikono yangu iko kwenye bati.

Ni mimi,
Dada yako