Maktaba Isiyo na Rafu

Tarehe 9 Machi. Mwaka wa tatu unaingia tangu niondoke.

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kama mlango usiotiwa mafuta.

Barua yako nimeipata. Unasema kitindamimba wako anaacha karakana ya useremala aje huku tujenge maktaba pamoja, na fundi wake keshamuaga. Nimeisoma, nikashika kalamu papo hapo.

Mama, huku hakuna rafu. Siku niliposikia ofisi hii inatengeneza maktaba, nilibeba randa ya marehemu baba nikaja mbio. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akaniambia kwamba katika maktaba yao hata panya hapati karatasi ya kutafuna. Wao wanabuni namna ya kupanga namba ndani ya kompyuta: mistari, safu, ghorofa juu ya ghorofa, ili mtu achomoe namba moja au akate ghorofa nzima kwa neno moja. Hiyo ndiyo maktaba yao: maagizo ya kompyuta yaliyoandikwa tayari, waandishi wengine wa programu waazime. Wakanihurumia, wakanipa ufagio.

Juzijuzi walikuwa wanabishana, kila mtu anachora ubaoni na hakuna anayemwelewa mwenzake. Mkuu wao, dada mmoja mpole, akaniomba niwachongee kasha la vijumba, wabishane wakiwa wameshika kitu. Nililitengeneza kwa mbao za meza mbovu, nikaandika namba, kijumba cha kwanza moja. Akasema kwao cha kwanza ni sifuri. Nikamuuliza kama kwao kifunguamimba naye huitwa sifuri. Tukacheka sote. Nilipokwenda kuosha vikombe, neno lile likanirudia mwenyewe.

Maana nilijua tangu siku ya kwanza, Mama. Niliandika kwamba najenga maktaba kwa kuwa ndivyo wanavyoiita, nikajiambia sijadanganya. Ukawatangazia majirani, nami nikanyamaza, tena nikafurahi. Sasa ukimya wangu unataka kumng'oa mdogo wangu kwenye benchi lake. Mimi nafagia. Lile kasha ndiyo kazi pekee ambayo randa ya baba imeifanya huku.

Mwambie arudi kwa fundi wake leo, aombe radhi, aseme kosa ni la kaka yake. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita; wiki hiyohiyo nitakuwa mlangoni kwako. Akinikubali, nitamshikia ubao yeye apige randa.

Nisalimie majirani, hata watakaonicheka.

Mimi kifunguamimba wako, wa sifuri.