Kitabu cha Mihuri cha Mama

Burgos, 3 Julai 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti halikusumbui. Sisi hatujambo, ila makalio yanawaka moto. Mjukuu wako Nahia alilia kidogo kwenye mlima wa jana, kisha akampita baba yake aliyekuwa akisukuma baiskeli, akamwambia, "Baba, unakwenda hija au unachunga kondoo?" Koldo hajamsamehe.

Najua umekasirika. Nilikosea kukuomba kitabu cha mihuri cha Mama siku ya kuondoka, tena mbele ya majirani. Nilitaka kukimalizia tu. Mihuri ya hosteli za njia ya Santiago kwake ilikomea Astorga, alipougua mwaka jana mkarudi naye kwa gari la wagonjwa, na zile kurasa tupu zinaniuma.

Simu ya nyumbani uliikatisha tangu mazishi yake, basi niandikie hosteli ya mahujaji ya León. Tutafika tarehe saba. Hata neno moja litanitosha.

Mwanao,
Itziar

Logroño, 5 Julai

Mwanangu Itziar,

Mimi sijambo. Goti linalalamika kama mama mkwe, nimelizoea. Nyumba imenyamaza. Napika viazi na soseji vya watu wawili, halafu navila siku mbili.

Sikukasirika. Niliogopa kwamba ukikijaza kile kitabu, mama yako atakuwa amemaliza safari bila mimi.

Basi tufanye hivi. Jumamosi tarehe kumi napanda treni na baiskeli yangu hadi Astorga. Nisubirini mlangoni pa hosteli, twende wote kuanzia pale alipoishia. Koldo atabeba mzigo wangu. Mkwe naye lazima awe na faida. Nisipowakuta nitajua hamnitaki, na sitalalamika.

Baba yako,
Eusebio

Astorga, 9 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Unakula vizuri? Unalala?

León tulifika mchana. Kwa kuwa ni mwaka mtakatifu wa hija, njia imejaa watu, na wanaotembea kwa miguu ndio huingia kwanza. Sisi wa baiskeli tungoje hadi saa mbili usiku, kama kitanda kitabaki. Mama wa mlangoni akasema, "Dada, nyie mna magurudumu, songeni mbele." Nahia alikuwa anasinzia juu ya usukani. Tukasonga.

Ukweli ni huu, Baba: sikuuliza barua. Niliogopa kuambiwa haipo.

Leo nimegongewa muhuri hapa, sawa na ule wa mwisho wa Mama, nikajificha uani nyuma ya nguo zilizoanikwa, nikalia. Kesho alfajiri tunaondoka. Niandikie Santiago, ukitaka.

Mwanao,
Itziar

Astorga, 10 Julai

Mwanangu,

Hamjambo huko mliko? Nilifika saa sita, nikakaa mlangoni hadi jua likazama. Kila baiskeli ilipokata kona nilisimama. Mwisho nikaacha kusimama, nikaanza kuulizia treni ya kurudi.

Msimamizi akasema nilale kwanza, akanipa daftari la wageni niandike jina. Juu ya mstari wangu kulikuwa na mwandiko wa Nahia: "Kitanda cha chini karibu na dirisha ni kizuri. Babu angekipenda."

Ndicho nilicholalia sasa. Kumbe barua hamkuipata. Mtu asiyetakiwa hachaguliwi kitanda.

Kesho nawafuata. Kitabu cha mama yako nimekiweka kifuani. Milima iko mbele na goti ni lile lile, lakini nitasukuma. Barua hii naituma hosteli ya Santiago; nisubirini hapo. Safari hii nisubirini kweli.

Baba yako,
Eusebio

Santiago, 18 Julai

Baba yangu,

U hali gani? Nimezoea kuliandika swali hili. Leo nauliza kweli.

Barua yako niliikuta tarehe kumi na tano. Tangu hapo nashinda mlangoni, nikitazama kila mzee anayeshuka kwenye baiskeli. Siku nane kutoka Astorga ni nyingi, hata kwa goti lako. Koldo ana kazi kesho. Ameondoka na Nahia kwa treni. Mtoto hakutaka kuondoka, akaandika kwenye daftari kitanda cha kukufaa.

Barua hii naiacha kwa msimamizi, tusije tukapishana. Alfajiri nageuza baiskeli. Mahujaji wote wanakuja, mimi nakwenda, acha wacheke. Nitasimama kila hosteli hadi Astorga niulize kama yupo mzee Eusebio, mwenye vitabu viwili vya mihuri.

Hapa nimeuliza asubuhi, mchana na jioni. Wamesema hayupo. Nilidhani neno hilo lingeniua, Baba. Haliui. Nitauliza tena.

Mwanao,
Itziar