Nilikuita Mara Mbili Tu

Mama yangu,

Najua hukupenda barua. Ulikuwa ukisema mwenye neno na alilete mwenyewe, aliseme akitazamwa usoni. Lakini sina njia nyingine ya kukufikishia neno hili, na pale uwanjani siwezi kulisema kwa sauti, maana sijui ni nani mwingine atakayelisikia. Kwa hiyo asubuhi hii ya Jumapili nimekaa mezani na kalamu, chai imepoa, na mjukuu wako Zuhura anachora sebuleni.

Bado nafanya kazi ile ile. Siku za wiki nahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, na Jumamosi natembeza wageni. Safari haijabadilika tangu uliponifuata. Tunakutana stesheni ya Central asubuhi, tunapanda treni mpaka Mount Druitt, tunazunguka maduka ya Waafrika na ya Wasamoa, tunakula kwa Mama Espérance, kisha basi la kukodi linatupeleka Blacktown kutazama besiboli. Treni ikipita Lidcombe, karibu na makaburi tulikokulaza, nakutolea salamu kimoyomoyo. Huko umetulia, sijawahi kusikia chochote.

Unaikumbuka Jumamosi yako? Ulikuwa na wiki ya tano tangu ufike kutoka Tanga, umeshachoka kukaa ndani na kutazama ukuta wa jirani. Ukaniuliza, "Watu baki unawatembeza, mama yako je?" Ukavaa buibui na zile ndala zako za bluu. Nikakuomba uvae viatu, ukanijibu kwamba miguu ni yako na njia ni ya Mungu, mimi inanihusu nini.

Kwa Mama Espérance, yule Mrundi mwenye duka la dagaa na unga wa muhogo na meza za chakula nyuma yake, mlipatana papo hapo. Yeye alikwambia, "Karibu mama, hii samaki inatoka Kigoma, ni bien kabisa." Nawe, mbele ya wageni wangu kumi na mmoja, ukamsahihisha dukani kwake mwenyewe: "Samaki hawa wanatoka Kigoma, mwanangu. Siyo hii inatoka." Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye alicheka mpaka akaegemea mizani, akakufungia dagaa wa bure, na mpaka leo nikiingia dukani hunipokea kwa kusema "samaki hawa, samaki hawa" na kujifuta macho.

Uwanjani nilijaribu kukutafsiria mchezo. Ulinisikiliza vizuri, halafu ukasema, "Kwa hiyo mtu anatoka nyumbani, anakimbia kuzunguka kote huko, anarudi pale pale nyumbani, ndipo wanamshangilia. Si angekaa tu?" Nikaendelea. Nikakueleza kwamba mchezaji akikimbilia kituo cha mbele mrushaji akiwa hajamwangalia, husemwa ameiba. Laiti ungengoja nimalize. Yule kijana alipochomoka tu, ulisimama ukamnyooshea kidole ukapiga kelele, "Mwizi! Mwizi huyo!" Safu ya chini yetu alikuwepo nesi mmoja Mkenya, amekuja na wenzake wa kazini. Alikumbatia mkoba wake kabla hajageuka kutazama. "Wah, mathe, umenishtua," alikwambia, nanyi mkacheka mkashikana mikono kama watu waliosoma pamoja. Nilikutazama ukicheka nikasema moyoni, nitamwombea viza nyingine, akae zaidi.

Alasiri ilipoingia ulichukua chupa ya maji na mkeka wako mdogo wa kuswalia, ukaelekea kwenye mikaratusi iliyoko nyuma ya jukwaa. Ukaniambia unarudi sasa hivi. Jua lilikuwa kali, na kunguru walikuwa wanalia kwenye miti. Wale kunguru wa huku hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake, na uliniuliza mama yao yuko wapi. Nilicheka, nikakuacha uende.

Sasa nifike penye uchungu. Kampuni ina utaratibu wake, na mimi nimeuzoea mpaka nauota: mgeni asipoonekana wakati wa kuondoka, anaitwa mara mbili kwa sauti, kisha kundi linakwenda kwenye basi na kumngoja huko. Mara mbili, basi. Wakati wa kuondoka ulipofika nilisimama mwisho wa jukwaa nikaita, "Mama!" Nikangoja kidogo. Nikaita tena, "Mama!" Nikajiambia utakuwa umeshatangulia kwenye basi, ukachukua kiti cha mbele kama kawaida yako. Nikawakusanya wageni tukaondoka. Nilikuita kama mgeni, mama. Sikukuita kama mama.

Na mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nilipokuwa na miaka saba niliitika "Abee!" nikiwa uani, nikakimbia jikoni nikijua umeniita. Hukuwa umeniita. Ulinichapa mwiko begani, wewe ambaye hukuwa mtu wa kuchapa, kisha ukanipakata. Ukaniambia, "Ukiitwa na usiyemwona, usiitike ya kwanza wala ya pili. Wale hawawezi kuita mara tatu. Ya tatu ni ya binadamu." Uliniambia anayewaitika wale amekwisha kuwapa ruhusa ya kumchukua. Maisha yako yote nyumba nzima ilijua kwamba ukiwa hutuoni, lazima tukuite mara tatu. Baba alikuwa akiita harakaharaka, "Mwanakombo Mwanakombo Mwanakombo," nawe ukawa unanuna kwamba anakuharibia jina.

Kutoka kwenye ile miti hukuweza kuniona, ukuta wa jukwaa ulikuwa katikati yetu.

Kwenye basi hukuwepo. Dereva alisema hajakuona. Nilirudi mbio, nikakukuta umekaa juu ya mkeka, mgongo umeegemea mti, ndala umezipanga vizuri pembeni. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Ulinitazama, ukasema polepole, kila neno kwa taabu, "Nilikusikia. Mbili. Nikangoja ya tatu." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho. Siku nne hospitalini hukusema kitu kingine. Daktari alinieleza kwa upole kwamba katika kiharusi kila dakika ina thamani yake, na mimi nilizihesabu dakika zile, mama, bado nazihesabu.

Wiki ya saba baada ya maziko nilirudi kazini. Uwanja ulikuwa ule ule, jua lile lile. Katikati ya mchezo kuna wakati mrushaji anakaa na mpira mkononi na watu wote wananyamaza. Katika ukimya huo nikasikia kutoka kwenye mikaratusi, "Mwanaidi wee." Baada ya kitambo, tena, "Mwanaidi wee." Kisha hakuna. Nilijiambia ni huzuni, kila aliyefiwa husikia sauti. Lakini nyuma yangu aliketi mgeni mmoja kutoka Adelaide, mzee mwenye kofia ya majani, akanigusa bega akaniambia kwa Kiingereza kwamba kuna mama kwenye miti ananiita. Nikamuuliza anaita nini. "Mwanaidi," akasema. Mama, mimi kwa wageni wote ni Mona. Hakuna mtu wa huku aliyewahi kulitamka jina langu sawasawa, na kwenye beji yangu halimo. Yule mzee alilitamka kwa mvuto ule ule wa Tanga, kisha akaendelea kula soseji yake.

Tangu siku hiyo unaniita kila Jumamosi, mara mbili, wakati wa alasiri. Nilimweleza Mama Espérance, akaacha kupima unga. "Dada, weye usijibu," aliniambia. "Ile si mama yako. Shetani anaigaka sauti. Kwetu tunaombaka, na tunafunga kinywa." Nilimwitikia kwa kichwa, lakini sikuamini kwamba siyo wewe. Shetani angejua kunuka mafuta yako ya mchaichai? Ile harufu huja na upepo kabla ya sauti, na mimi sijawahi kuyapaka mafuta hayo nchi hii.

Basi nimekuwa nikikaa pale kila wiki ninang'ata ulimi. Nikiitika, nitakuwa nimevunja neno lako. Nisipoitika, nakuacha tena chini ya mti unangoja. Nilitaka uite mara ya tatu ili nijue ni wewe. Wewe huiti. Nikawa nafikiri unanilipizia. Nisamehe, lakini nilikukasirikia, nikasema huyu mama hata akifa ni mkaidi.

Jana ndiyo imenifanya nishike kalamu. Baba Zuhura alipangiwa zamu ya ghalani, na jirani anayenishikia mtoto amesafiri, kwa hiyo nilikwenda naye. Unamjua Zuhura, miaka minane, kila ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Sijamfundisha lile neno lako la mara tatu. Nilitaka akue bila hofu zetu. Niliona huku hatalihitaji.

Alikuwa karibu yangu anakula chipsi. Mrushaji akashika mpira, watu wakanyamaza, na kunguru nao wakanyamaza, jambo ambalo hawajawahi kulifanya. Ile harufu ikaja. Nikajikaza kusubiri jina langu.

"Zuhura wee."

Mtoto aliinua kichwa. Hakushangaa hata kidogo, alitabasamu kama aliyemwona mtu wake mlangoni. Akaweka chipsi chini, akapangusa mikono kwenye gauni, akasimama.

"Zuhura wee."

Nilimwona anavuta pumzi. Nikaruka nikapiga kelele, "Abee!" Jukwaa zima liligeuka. Mrushaji alishusha mkono akatazama tulipo. Wageni wangu walinikodolea macho, nami nimemshika mtoto kifuani, kiganja changu kimemziba mdomo.

Kisha nikasikia ndala kwenye changarawe. Hatua moja ya kawaida, na moja ya kuburuta. Hatua moja, na moja ya kuburuta. Tangu kiharusi kile hukuwahi kuinuka, mama, mguu wako uliokufa haukukanyaga ardhi tena, mimi mwenyewe sijui ungetembeaje. Lakini nilijua ndivyo. Zilikuja mpaka nyuma ya kiti changu, zikasimama. Sikugeuka. Miezi yote hii nilijidanganya kwamba nikipata nafasi moja tu nitageuka nikuangukie miguuni, na jana nilikuwa na mtoto mikononi nikashindwa. Nilisoma kila dua niliyoijua, mpaka watu wakaanza tena kushangilia, na nyuma yangu pakawa pametulia.

Zuhura alitoa mkono wangu mdomoni. "Mum, why did you answer? Bibi was calling me."

Alitaka kujua kwa nini nimeitika mimi wakati bibi anamwita yeye. Nikamwambia mimi ni mkubwa, nimeitika kwa niaba yake. Hakuridhika. Alinuna mpaka tulipofika nyumbani, kununa kwako kabisa, midomo imebanwa.

Nilidhani yameishia hapo. Leo asubuhi nimemwita aje kunywa chai. Yuko sebuleni, mimi jikoni, hatuonani. Nikaita, "Zuhura!" Nikaita tena. Nasikia penseli yake inakwaruza karatasi, najua ananisikia. Nilipoita mara ya tatu ndipo alipojibu, "Abee, mama." Nimeingia sebuleni nimemuuliza nani amemfundisha. Akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, mtoto ambaye hajawahi kuniunganishia maneno matatu: "Bibi kanambia nisiitike ya kwanza wala ya pili. Kasema Jumamosi ataita tatu."

Nimefunga madirisha, nimerudi mezani kumalizia barua hii.

Mama, nakupenda. Sijamaliza kukulilia na sidhani kama nitamaliza. Najua unakaa peke yako chini ya miti ya ugeni, hujui njia ya kurudi, na huku umezoea sauti moja tu, yangu, na mimi nilikunyima ile mara moja iliyobaki. Kosa ni langu. Jumamosi nitakwenda. Nitawaacha wageni kwenye viti, nitakuja mpaka chini ya mti, na sitangoja uite hata mara moja. Nitakuita mimi, mara tatu, kama inavyotakiwa, na lolote litakaloitika nitalipokea.

Lakini Zuhura hatakuja. Usimfundishe kitu kingine. Usimwite, wala mara moja, wala mara tatu. Kama ni mtu unamtaka akae nawe, mwanao ni mimi, nichukue mimi. Ukimgusa yule, tutasahauliana. Ukimwita hiyo mara ya tatu, atakayekujia mbio kutoka jukwaani hatakuwa mwanao, atakuwa mama yake.

Pumzika, mama yangu. Nakuomba pumzika.

Mama Zuhura