Damu ya Babu Yako na Posa Yangu

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imefika hapa Ngokolo, marahaba. Mvua imenyesha vizuri, mtama umesimama, na presha ya babu yako imetulia.

Unaniuliza kama damu yako ya kundi A, sawa na ya babu, ndiyo iliyokuletea presha na lehemu, yale mafuta ya kwenye damu. Wataalamu waseme yao. Mimi nina hili moja.

Miaka ya hamsini, nikiwa nimeshaposwa, kaka yangu aliumia mgodini Mwadui. Mchumba wangu, ndiye babu yako, akamtolea damu, maana walikuwa kundi moja. Kaka akapona. Baba naye akaamuru ng'ombe wa mahari warudishwe. Kwetu waliochanjiana damu walikuwa ndugu, na kwa baba hilo kundi moja lilithibitisha kuwa damu yao ni moja.

“Huyu sasa ni mwanangu,” alisema. “Ataoaje dada yake?”

Nililia siku tatu. Ndipo kaka akamleta nyumbani yule dresa, msaidizi wa daktari, aliyempima damu hospitalini.

“Mzee,” dresa alimwuliza, “nikikupima wewe na mama nikakuta kundi moja, utamrudisha kwao?”

Baba akacheka. Ng'ombe wakabaki zizini mwetu.

Kundi umezaliwa nalo, lakini lehemu hushuka. Babu yako ameacha samli. Kila mlo ananung'unika, na kila akipimwa imepungua. Baba angeling'ang'ania lile kundi la damu, leo usingekuwepo kuniuliza.

Bibi yako,
Mama Masanja