Saini Yangu Juu ya Mstari Mwekundu

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Nimefika kazini saa moja kasorobo. Chang'ombe mpaka ofisini mtu mwenye miguu mizima anatumia dakika ishirini. Mimi karibu saa nzima! Mguu wa kushoto nauburuta tu, haunisikii.

Nimepita mlango wa nyuma, kama kawaida yangu siku hizi. Sitaki mtu anione navyotembea. Wiki iliyopita wale wa stoo walinicheka — ati Mwajabu kaanza kunywa. Mimi! Pombe sijawahi hata kuionja. Washenzi.

Ila nimesaini. Saa moja na nusu kamili Bwana Yotham, Meneja Utawala wetu, anachora mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio. Ukisaini chini yake mara tatu kwa mwezi, jina linaingia kwenye orodha ya kupunguzwa. Shirika linauzwa, na watu ishirini na sita lazima watoke kabla ya Krismasi. Miaka kumi na minne nipo hapa, mpiga chapa namba moja, sijawahi kusaini chini ya mstari. Sianzi leo.

Saini yenyewe lakini! Vidole ganzi, kalamu ikateleza. Ukiiona utasema ya mtoto wa chekechea.

Jumatano, 6 Novemba

Joto la kuua. Likipanda, na mimi nakwisha. Saa sita naona herufi mbilimbili.

Brightness kaja mezani kwangu. Huyu ni binti wa kompyuta, ana miezi miwili tu kazini, bado yuko kwenye majaribio. Baba yake katekista huko Mvumi. Eti, dada Mwajabu, nikusaidie kumalizia hiyo? Nikamuuliza, nimekuomba? Akarudi kwenye kiti chake. Anadhani sijui anachotaka. Anataka meza yangu.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimegombana na dada yangu Stara. Anasema niwaambie ofisini ukweli, barua ya daktari ninayo. Ndiyo, ninayo. Daktari bingwa mmoja mgeni aliniandikia jina la ugonjwa: multiple sclerosis. Mwili unajitafuna wenyewe mishipa ya fahamu. Unaweza kuwa hoi mwezi mzima, halafu siku moja ukaamka mzima. Halafu unarudi tena. Dawa ya kuuondoa hakuna.

Majirani wanasema nimerogwa. Afadhali ningerogwa — hilo lina mganga!

Niwaambie ili iweje? Hamidi wa stoo alikwenda mwenyewe kusema ana kisukari, aombe kazi nyepesi. Wakampa pole nyingi. Jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha, sababu: afya. Nikitoka hapa nani ataniajiri, na mguu huu, na mkono huu? Stara ana watoto wake watano. Siendi kukaa kwake nikilishwa.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeanguka chooni ofisini. Hakuna aliyeona, alhamdulillahi. Nimekaa sakafuni mpaka mguu ukakubali. Nimelia kwa hasira, si kwa maumivu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeitwa kwa Bwana Yotham. Mezani kwake kuna kitabu cha mahudhurio, na pembeni faili langu, limefunguliwa kwenye saini yangu ya mwaka themanini na mbili.

Akaniuliza, Mwajabu, hizi ni zako? Amezizungushia kalamu saini saba za mwezi huu. Nikasema zangu. Akacheka. Akasema watu wanakuona mezani, sawa, lakini mwezi huu hakuna hata mmoja aliyekuona unaingia. Kuna mtu anakusainia, wewe unachelewa na kupenya mlango wa nyuma.

Nilitaka kumtukana! Ofisi nzima wanasainiana. Iddy wa mapokezi kasainiwa mwaka mzima na kila mtu anajua. Anakuja kukamatwa mtu anayetoka kwake gizani ili awahi!

Halafu akamwita Brightness. Yeye ndiye anayewahi kufika, yeye ndiye jirani yangu wa meza. Ikawa keshapata mwizi wake. Binti akasema, haki ya Mungu sijawahi. Bwana Yotham akasema sote wawili tuje na maelezo Jumatatu.

Kwenye korido Brightness akanishika mkono. Dada, si utamwambia tu kwamba ni wewe? Nikamwambia aniachie mkono. Maana kusema ni mimi ni kusema kwa nini mkono wangu uko hivi.

Hata hapa sijui kama kesho nitausoma mwandiko huu.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua ya kwanza, tangu jana usiku. Baridi nzuri. Nimelala siku mbili nzima.

Nimeamua. Barua ya daktari nimeitia kwenye mkoba. Msichana wa watu hajafanya kosa. Simpendi, lakini hajafanya kosa.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeamka mguu mwepesi. Nimetembea mpaka ofisini nusu saa tu, nimepita mlango wa mbele!

Bwana Yotham hakutaka maelezo ya mtu. Kanisukumia karatasi nyeupe. Saini hapa, mbele yangu.

Nikasaini. Ikatoka. Ile yenyewe, ya themanini na mbili, na mkia wake. Nikabaki naiangalia, furaha imenijaa mpaka kooni, sikukumbuka hata nilikuwa wapi.

Bwana Yotham akapiga meza. Umeona? Mkono wako huu hapa! Akamgeukia Brightness: zile saba ni kazi yako, ulikuwa unajipendekeza kwa mkubwa wako. Brightness aliniangalia mimi. Mkoba ulikuwa mapajani, nimeukumbatia. Bwana Yotham akasema mimi ni mtumishi wa siku nyingi, nitapewa onyo tu, na kazi yangu anaijua.

Nikasema, ahsante, bosi.

Sasa ni saa nane, wenzangu wamekwenda kula. Barua ya Brightness iko kwenye mashine. Bosi kanipa mimi niipige, anaitaka kabla ya saa tisa na nusu. YAH: KUSITISHWA KWA AJIRA YAKO. Nimefika aya ya pili. Vidole vyote kumi vinakwenda, sijakosea hata herufi moja.

Mwenyewe yuko kwenye benchi hapo nje, anaisubiri. Kachungulia sasa hivi — dada, umekula? Nina muhogo umebaki.

Nimemwambia arudishe mlango, upepo unapeperusha karatasi zangu.