Chumvi Iliyolala Chini ya Chupa

Baba,

Leo nimefurahi, na furaha yangu si ya Kikristo. Nakuandikia kabla haijapoa.

Yule mwalimu wa sayansi aliyekufukuzisha kazi ya maabara sasa ndiye mwalimu mkuu. Na mimi, binti wa "mwizi", ndiye ninayemtayarishia dawa katika chumba kilekile. Aliniajiri bila kunijua, maana nilijiandikisha kwa jina la mume wangu. Miaka miwili nimemwamkia kila asubuhi huku roho ikiniwaka.

Leo asubuhi walikuja wageni kutoka ofisi ya elimu. Akataka waonyeshwe sabuni inavyotengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe, kama siku ile uliyofukuzwa. Nikakoroga maji ya chumvi ya kuitenga sabuni, jinsi ulivyonifundisha jikoni: ongeza, koroga, ongeza tena, mpaka chumvi ikatae kuyeyuka, ilale chini. "Ikibaki chini, ujue maji yameshiba," ulikuwa ukisema. "Usiiguse." Nikajaza chupa mbili kubwa. Moja nikaificha kabatini. Namjua mtu wangu.

Akaingia na wageni, akaiinua ile iliyokuwa mezani. "Mbona hii maji iko na takataka chini? Ongeza maji iishe!"

Maneno yaleyale, Baba. Yale uliyotusimulia ukiwa umekaa karibu na moto, kofia mkononi. Nikampa jagi. "Ongeza wewe mwenyewe, mwalimu." Akamimina jagi zima, tena kwa madaha.

Nikayamimina maji hayo kwenye sufuria ya sabuni. Sabuni ikakataa kujitenga. Ikabaki uji tu sufuriani. Akawageukia wageni akicheka: "Huyu mama amepunguza chumvi. Hawa watu na ng'ombe zao!"

Ndivyo alivyokusema wewe, kwamba unabeba chumvi ya shule kumlambisha ng'ombe wetu mwekundu. Na nani asingeamini? Hapa kwetu kila boma lina ng'ombe, na kila ng'ombe anataka chumvi. Hata wazee wenzako wa kanisa waliamini, wakakutoa kwenye benchi lao. Ukaacha kula. Hospitalini walisema ni kifua. Mimi najua kilichokuua.

Nikafungua kabati. Nikamimina chupa ya pili kwenye sufuria nyingine, na sabuni ikapanda juu, nzito, kama maziwa yaliyokatika. Halafu nikalitaja jina lako mbele ya wageni, polepole, pamoja na jina la babu. Nikasema mimi ni binti yako. Jasho lililomtoka! Laiti ungeliona.

Jioni alinifuata mpaka kwenye shamba letu la majani chai. "Mama, tusameheane, hayo ni mambo ya zamani." Nikamwambia ni ya zamani kwake, kwetu bado mama anakula peke yake. Jumapili atasimama kanisani, mbele ya mama na wale wazee, aseme ni nani aliyeongeza maji siku ile. Amekubali. Anawaogopa wale wageni kuliko Mungu.

Ulituambia tumwachie Mungu. Nimemwachia miaka minane, Baba. Sasa namsaidia.

Nitakaa mbele kabisa, chupa mpya ya maji yaliyoshiba mapajani. Akianza kuzungukazunguka, nitaiinua waione wote. Akimaliza, sitampa mkono. Nitatoka nije moja kwa moja kaburini kwako, niiweke hapo, chumvi yote ikiwa imelala chini. Na ole wake atakayeigusa.

Saisere, kwaheri, Baba. Lala sasa.

Binti yako