Maoni Yangu na ya Cucu Kuhusu Fundi wa Miavuli

Gatitu, Nyeri
Jumapili jioni

Ndugu yangu mdogo Simiyu,

Mulembe. Natumaini karatasi hizi zitakukuta ukiwa mzima, na kile kikohozi chako kimekwisha. Mayi mama yetu ameacha kubeba maji mwenyewe kama daktari alivyomwambia, au bado anawapiga chenga? Na goti la papa, mzee wetu, likoje? Mimi niko salama, isipokuwa baridi ya huku. Asubuhi ukiona mlima umetokeza wazi, mweupe juu, ujue siku hiyo utaandika ubaoni kwa vidole ambavyo havisikii amri. Darasani navaa soksi mbili mbili na wanafunzi wanacheka.

Najua utashangaa kupata barua ya kalamu. Kila nikikuandikia jambo refu kwa simu unanijibu kwa kidole gumba. Safari hii nataka usome hadi mwisho. Uliniomba maoni kuhusu zile anime ulizonijazia kwenye flash nilipokuwa nikiondoka Kimilili, ukasema wateja wa duka lako la filamu wanakuuliza ipi ni nzuri na wewe huna muda wa kuzitazama zote. Haya, sikiliza.

Ile ya vijana wa shule ya upepo nimefika kipindi cha sita nikaacha. Kijana hawezi kurusha ngumi kabla ya kutangaza jina la ngumi yenyewe, kueleza alivyojifunza, na kumkumbuka rafiki yake aliyekufa. Muda wote huo adui amesimama tu, anasikiliza kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Wape watoto wa sekondari, wataipenda. Ile ya mapacha wenye mkahawa wa tambi chini ya ziwa ni nzuri sana, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta, lakini mwambie mteja asiitazame akiwa na njaa.

Ya tatu ni ile ya fundi wa miavuli, ambayo wewe mwenyewe uliniambia waliiharibu mwishoni. Hapo ndipo nina habari.

Unakumbuka hadithi yake. Mzee anaishi mji wa milimani wenye mvua nyingi, anatengeneza miavuli ya karatasi iliyopakwa mafuta. Binti yake wa pekee, Sayo, alikataa kurithi kazi hiyo, akaolewa na mtu wa mjini kule bondeni, na mzee hakwenda harusini. Miaka saba hawajaongea.

Nilianza kuitazama Jumapili moja baada ya kanisa, mvua inanyesha. Mama mwenye nyumba wangu akapiga hodi, ananiletea waru, yaani viazi, vya shamba lake. Ploti nzima tunamwita Cucu, maana ndivyo wanavyowaita mabibi, akina kukhu wetu, huku. Amepita miaka sabini, ana ng'ombe wawili na mgongo ulionyooka kuliko wangu. Akachungulia kompyuta yangu.

"Mwarimu, kumbe unaangaria katuni? Mtu mzima?"

"Si ya watoto, Cucu. Ni ya Wajapani. Huyu mzee anatengeneza miavuli kwa karatasi."

"Ati karatasi? Kwa mvua?" Akaketi ukingoni mwa kitanda, beseni la viazi magotini. "Wacha nione hiyo wazimu."

Hakuondoka mpaka vipindi viwili vikaisha. Tangu hapo ikawa desturi yetu ya kila Jumapili alasiri. Sauti ni Kijapani, maandishi ni Kiingereza, na mimi nasoma na kumgeuzia kwa Kiswahili, naye anawajibu wale watu kwa Kikuyu kana kwamba wanamsikia. Simiyu, hujawahi kuwa na mteja kama huyu. Alisema mvua imechorwa na mtu anayeijua mvua. Jirani wa mzee, yule anayeleta figili kila asubuhi, alimwona mbea. Watu wote wa mle ndani aliwaona wembamba, akataka kujua kwa nini hawali vizuri. Mzee mwenyewe alimsifu: "Huyo anajua kazi. Angaria mkono yake."

Tukafika kipindi cha tisa. Sayo anarudi bila kutuma habari, amembeba mtoto mgongoni, anasimama langoni akilowa. Mzee anamwona kupitia tundu la ukuta wa karatasi. Anamtazama kwa muda mrefu. Kisha anazima taa.

"Amefanya vizuri," akasema Cucu.

Mimi sikujizuia. "Cucu, huo ni ujinga. Mtu mzima anamwacha mtoto wake mvuani kwa sababu ya kiburi tu?"

Akasimama, akakaza leso yake. "Wewe unafundisha watoto ya watu. Yako iko wapi?"

Akatoka. Nawe unajua, Simiyu, jinsi neno hilo lilivyonichoma. Unajua ile mimba niliyoipoteza mwaka juzi, na ndoa iliyoondoka nayo. Yeye hakujua, lakini kutojua kwake hakukunisaidia kitu. Nilikaa nikiikodolea macho ile picha ya taa iliyozimwa mpaka kompyuta nayo ikalala.

Majuma mawili hatukusemezana. Tukikutana kwenye kamba ya nguo alisema "Mwarimu" akapita, nami nikasema "Cucu" nikapita. Ile chupa ya maziwa aliyokuwa akiniachia mlangoni haikuja tena. Nilianza hata kuuliza walimu wenzangu kama kuna nyumba upande wa mjini.

Jumapili ya tatu akapiga hodi. Alikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili.

"Umemaliza bila mimi?"

"Sijaigusa, Cucu."

Akaingia, akamimina chai, hakuketi. "Ile neno nilisema ilikuwa mbaya."

"Ndiyo. Ilikuwa mbaya."

"Mimi nilizaa watatu. Mmoja ako Doldol, na sijakanyaga kwake miaka kumi na moja. Sasa hata mimi niulizwe, yangu iko wapi?"

Ndipo akaniambia. Kitindamimba wake anaitwa Wangari. Alisomea utabibu wa mifugo, akapata kazi Doldol, kule Laikipia kwa wafugaji, akaolewa na Mmaasai anayefanya biashara ya mbuzi. Cucu alikuwa ameshampangia mtu wa kanisani kwao. Alimwambia binti yake kwamba harusi hiyo hataiona, na akalitimiza neno lake. Mwanzoni Wangari alipiga simu. Baadaye akaacha.

Alipomaliza kuniambia, akaketi. "Washa," akasema.

Tukatazama vipindi vitatu vya mwisho bila kusimama. Unakumbuka mwisho wenyewe. Mzee anashuka bondeni na mwavuli mmoja, anapotea njia, anafika amechoka. Sayo anafungua mlango, anamtazama, anasogea kando. Mzee anaingia. Chai inawekwa mezani, mtoto anafungua mwavuli sebuleni, basi. Hakuna anayeomba msamaha, hakuna anayelia. Ulisema waandishi walichoka wakaacha kazi katikati, na mimi nilitaka kukubaliana nawe. Nikamwuliza Cucu anaonaje.

"Sasa ulitaka aseme nini?" akanijibu. "Ameenda. Imetosha." Akafunga chupa ya chai. "Nyinyi shule inafunga lini?"

Kwa hiyo Jumamosi ya mapumziko ya katikati ya muhula tulikwenda Doldol. Cucu alibeba viazi, kabeji, na kuku mmoja aliye hai ndani ya kikapu. Baada ya Nanyuki kijani kikaanza kuisha, na yeye akaanza kuhesabu kila alichokikosa: kahawa hakuna, migomba hakuna. "Hapa hata napier ya ng'ombe haiwezi," akasema. Nadhani alikuwa akiogopa.

Njiani humo, ndani ya gari, nilimweleza kuhusu ile mimba. Sijui kwa nini pale; labda kwa sababu wote wawili tulikuwa tunatazama mbele. Akauliza kama nilikuwa nimempa jina. Nikamwambia, Nafula. Hata wewe na mayi sikuwahi kuwaambia. Akalitaja mara moja, taratibu, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Kisha akanishika mkono mpaka tukafika.

Duka la Wangari liko karibu na soko la mifugo, linauza dawa za mbuzi na ng'ombe na mawe ya chumvi. Tulimkuta anampimia mzee mmoja dawa ya minyoo. Ni mwanamke mkubwa, mpana, miwani ameipandisha kichwani. Alituona. Alimaliza kupima, akamweleza yule mzee ampe kila mbuzi kiasi gani, akamsindikiza hadi mlangoni, ndipo akageuka. Waliongea Kikuyu, nakuandikia nilichoelewa, na kilichonipita Cucu alinieleza baadaye.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuona mahali unaishi."

"Haya. Umeona."

Simiyu, hapakuwa na mtu wa kusogea kando wala chai ya kuwekwa mezani. Kuku alikuwa anapiga kelele kikapuni. Cucu alisimama katikati ya duka, mzigo bado mkononi, na nikaona kwamba hakuwa amejiandaa kwa neno lolote zaidi ya lile alilokwisha kusema.

Wangari akasema, "Siku ya harusi nilikuwekea kiti mbele. Watu walikizunguka mpaka jioni. Kila mtu akiniuliza ni cha nani, nilikuwa nasema, ni cha mama, anakuja."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nimevaa," Cucu akasema. "Ile nguo ya kijani. Nilifika mpaka stendi hapo Gatitu. Gari ikajaa, ikaenda. Ikakuja ingine, nayo ikaenda. Nikarudi nyumbani nikavua."

Wangari akaketi juu ya gunia la chumvi kama aliyesukumwa. "Miaka kumi na moja," akasema. "Miaka kumi na moja, na hukuniambia ulifika stendi?"

"Niliona haya. Nilikosea, Wangari. Nilikosea siku hiyo na nimekuwa nikikosea kila siku tangu hapo."

Mimi nilitoka nje. Kuna mambo ambayo si ya mgeni kuyatazama. Nilisimama karibu na zizi la mnada nikiangalia mbuzi wakipakwa rangi mgongoni, nikawa nalia bila kujificha, na mama mmoja wa Kimaasai akanipa maji bila kuniuliza kitu.

Sikudanganyi kwamba walikumbatiana. Niliporudi, Wangari alikuwa ameegemea kaunta, macho mekundu, anamuuliza mama yake kama bado anakunywa dawa za presha. Cucu alikuwa ameketi. Kuku ametolewa kikapuni, amefungwa mguu kwenye mguu wa meza. Mume wa Wangari alikuja baadaye, mtu mpole mwenye sauti ndogo, akamwamkia Cucu kwa mbali na kwa heshima, akasema nyumba iko tayari. Mimi nilikuwa na kazi ya kusahihisha mitihani, nikataka turudi. Cucu akanitazama kama nimepotewa na akili.

"Enda, mwarimu. Unikamurie ng'ombe zangu, wewe na yule jirani yako. Mimi nitakuja."

Alikaa siku kumi na sita. Nimejifunza kukamua, na usimwambie papa; atanirudisha nyumbani niwe nakamua hapo.

Sasa maoni yangu, kwa ajili ya wateja wako. Cucu aliponijibu vile nilidhani yuko sahihi, kwamba kufika kunatosha. Sasa naona mlikuwa na haki nyote wawili, na wewe kidogo zaidi. Kufika kulimpeleka tu hadi katikati ya duka. Bila lile neno la stendi angerudi Gatitu na kuku wake. Kwa hiyo waambie wateja wako ni anime nzuri kuliko zote ulizonipa, mvua yake ni ya kweli, na mwisho wake ni mzuri kuutazama, ila asitokee mtu akauiga. Nilimwambia Cucu hivyo aliporudi. Akasema wale ni Wajapani, pengine wao husikiana bila kuongea, lakini Wangari amezaliwa Nyeri.

Habari ya mwisho ni ya leo mchana, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Nilikuwa nafua nguo uani. Wangari akaingia langoni peke yake, na mfuko mmoja tu. Hakuwa ametuambia kwamba anakuja. Cucu alikuwa shambani akikata majani ya ng'ombe. Nikataka kukimbia nikamwite, Wangari akanizuia kwa mkono. Akapita moja kwa moja hadi jikoni, lile la mbao la nyuma, akawasha moto, akashusha sufuria kutoka mahali pake bila kutafuta, akaanza kumenya viazi.

Baadaye Cucu akatokea, mzigo wa majani mgongoni, ameinama. Akaona moshi. Akasimama.

"Nani ako huko jikoni?"

"Ni mimi, mami."

Cucu hakutua mzigo. Kamba ya majani imemkaa kwenye paji la uso, anaupepesea macho ule moshi.

"Chumvi iko kwa mkebe ya kijani," akasema.

"Najua."

Nisalimie mayi, umwambie mwanaye anakula vizuri na ana mtu wa kumwangalia. Nisalimie papa na goti lake. Msalimie wifi yangu, mkeo, na yule shangazi yetu wa kule sokoni, umwambie sijasahau blanketi alilonipa. Nimejifunika nalo nikiandika. Mayi mpe barua hii asome mwenyewe, hasa pale penye jina la Nafula. Nimeona afadhali alisome kuliko kulisikia kwa mtu.

Wananiita nikale. Viazi vimeiva.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nekesa